Nyasi za Chini ya Mgrivea

Mpendwa Mama Neema,

Leo ni Jumamosi na nimekata nyasi. Nimeanzia mlangoni kama ulivyokuwa ukianza wewe, nikazunguka chini ya mijakaranda miwili, nikapita nyuma ya jiko, nikamalizia pale chini. Kisha nimekusanya majani yaliyoanguka, nimenawa, nimekunywa chai, na sasa nimekaa barazani na daftari. Nakuandikia kwa sababu yapo mambo yaliyotokea hapa nyumbani tangu ulipoondoka ambayo ungetaka kuyajua. Pia mchungaji aliniambia niandike. Alisema mtu ambaye machozi hayamtoki aandike. Sijui kama inasaidia. Nimeshika kalamu tu.

Watu wakiniuliza hali nawajibu mzima, na si uongo. Nakula, nalala, naamka, naenda karakana. Ila ndani nimekufa ganzi. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu: unaushika, unajua ni wako, lakini haukuambii kitu. Nimekaa hivyo mwaka mzima na mwezi mmoja.

Nakumbuka siku ya kwanza ulipofika hapa Kinampanda kutoka kwenu Ilongero. Kwenu ni kweupe, alizeti na uwele mpaka macho yanapoishia. Ulisimama katikati ya uwanja wa baba yangu na mkoba wako wa nguo, ukatazama juu kwenye mikaratusi na mijakaranda, ukauliza, "Huku kwenu jua linapita wapi?" Mama yangu alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu yeye kucheka na wewe, maana haikupita miaka mitatu mkaanza ugomvi wenu wa nyasi.

Mama alikuwa mtu wa ufagio. Kwake uwanja mzuri ni udongo mtupu uliofagiliwa asubuhi mpaka ukaonyesha mistari ya njukuti za ufagio. Nyasi ni za ng'ombe, na zikiota mlangoni zinaleta nyoka. Wewe ulikuwa umesomea uuguzi kwenye hospitali ya misheni ambako wagonjwa walikaa kwenye nyasi chini ya miti, na ulitaka hivyo hivyo nyumbani kwako. Majirani walisema mke wa seremala anafuga nyasi na ng'ombe hana. Mama aliniita kando akaniambia kwa Kinyiramba kwamba nyasi mlangoni ni dalili ya mwanamke mvivu. Sikukutetea na sikukukataza. Nilidhani huo ndio uungwana.

Ulianza na ukoka. Uliuleta kwenye kiroba kutoka uwanja wa shule, ukaupanda, ukaumwagilia kila siku jioni kwa ndoo. Kwenye jua kando ya njia ulishika. Chini ya miti ukawa mwembamba, ukanyooka kama unatafuta kitu, ukafa. Ulipanda tena. Ukafa tena. Mwaka wa tatu ulirudi kutoka kijitoni na beseni la nyasi nyingine, zile za majani mapana zinazotambaa chini chini, ukaniambia, "Baba Neema, hizi nimezikuta zimeota gizani kabisa, chini ya vichaka. Hizi ndizo." Ulikuwa na tope mpaka magotini na ulifurahi kama mtu aliyepewa uhamisho.

Ndipo nilipoanza kusikia masharti yako, na kwa sababu uliyarudia miaka yote nayajua kwa moyo ingawa sikuwahi kuyafanyia kazi. Nyasi za kivulini hazikatwi fupi, zinaachwa vidole vinne, kwa sababu jua ni dogo na jani ndilo linalokula. Hazimwagiliwi kila siku. Zinapewa maji mengi asubuhi, kisha zinaachwa mpaka udongo uombe. Samadi kidogo, ikizidi zinaoza. Majani ya miti yaondolewe kabla hayajalala juu yake juma zima. Watu wasikate njia katikati. Na matawi ya chini ya mti yaondolewe, ili mwanga uingie kwa pembeni asubuhi na jioni. Wagonjwa wako wa zahanati walikuwa wakikukuta umepiga magoti na kisu kikuukuu unang'oa magugu, wanasema, "Shikamoo nesi," nawe unaitikia bila kuinua kichwa, unauliza mtoto anaendeleaje.

Taratibu nyasi zilienea. Zilipita mlango, zikazunguka karakana, zikafika barabarani. Mama kabla hajafariki alikuwa akikaa juu yake akichambua mboga, na hakuna aliyemkumbusha maneno yake. Uwanja wote ulikuwa kijani, isipokuwa pale chini.

Tuliita hivyo, pale chini. Hatukuwahi kupaita jina lingine. Nalazimika kupaandika sasa, na mkono hautaki, lakini nitapaandika. Ni pale alipozikwa Elia.

Aliishi miezi kumi na mmoja. Homa ilimpata Jumatano, Ijumaa hayupo. Ulikuwa na gauni la kazi mwilini, ulikuwa umefanya kila ulichofundishwa, na ulimshika mpaka shangazi yangu alipomtoa mikononi mwako. Tulimzika nyuma ya jiko, mahali ardhi inapoteremka. Mvua zilipoanza nilichukua mche wa mgrivea nikaupanda kichwani pake. Mimi ni mtu wa miti, sikujua kitu kingine cha kumpa mwanangu. Mti ulishika upesi. Neema alipoanza shule ulikuwa umepita paa. Kila mwaka ulinenepa, ukashusha matawi mpaka chini, ukamwaga majani yake yale yanayofanana na unyoya, yakatanda mazito, na chini yake hapakuota kitu. Palikuwa na vumbi na mizizi tu.

Miti mingi nimeikata maishani, ya kwangu na ya watu. Ule sikuwahi kuugusa hata kwa kisu.

Uliniomba mara tatu. Mara ya kwanza Yona alikuwa bado ananyonya. Tulikuwa tunakula, ukasema, "Baba Neema, ule mti wa pale chini tuutoe." Nikasema mti ule hautolewi. Ukaendelea kula. Mara ya pili ni baada ya msiba wa mama. Ulisema hivyo hivyo, nami nikajibu hivyo hivyo, na nadhani niliongeza sauti kidogo, maana ulitoka nje. Mara ya tatu ni mwaka mmoja kabla hujafa. Ulikuwa umestaafu, presha imeanza kukusumbua, ulikaa hapa hapa barazani nilipokaa mimi sasa. Ukasema, "Basi tusiukate. Tuupunguze matawi ya chini tu, mwanga uingie." Nikasema nitaona.

Sikuona. Nilikuwa na kazi ya madirisha ya watu. Lakini hata nisingekuwa na kazi nisingefanya. Nilikuwa nimekasirika. Nilijiambia, huyu mwanamke kwa ajili ya nyasi zake yuko tayari kugusa mti wa mtoto. Niliishi na hasira hiyo miaka thelathini, sikukuonyesha, na wewe hukuniuliza.

Yaliyofuata unayajua mpaka mahali fulani. Ulianguka asubuhi ukiwa na reki mkononi, chini ya mjakaranda wa pili. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Siku kumi na moja tulikuwa hospitali na hukusema neno tena, ila mkono wako wa kushoto ulikuwa ukishika shuka na kuachia, ukishika na kuachia. Neema alikuja kutoka Dodoma, Yona kutoka Mwanza. Siku ya kumi na mbili muuguzi aliyekuwa zamu akaja kuniambia. Nilimshukuru. Nikauliza nguo zako ziko wapi.

Jeneza lako nililitengeneza mwenyewe. Wanaume walikuja karakana wakasema, "Mzee, acha, tutaagiza mjini." Zakayo, yule niliyemfundisha useremala na sasa ana karakana yake, alinishika bega akaniomba msumeno. Sikumpa. Nilipima, nikakata, nikapiga randa, nikapiga msasa. Viungo vilikaa sawasawa. Nakumbuka niliridhika na viungo vile, na nikajua kwamba kuridhika kule si kwa kawaida, lakini sikuweza kufika mbali zaidi ya hapo.

Tulikuzika kando ya Elia. Wachimbaji walikutana na mizizi ya mgrivea, minene kama mkono wa mtu, ikabidi walete shoka. Nilisimama nikasikiliza shoka. Watu walilia. Mdogo wako Mariamu alilia mpaka akashikwa. Mimi nilitazama udongo mwekundu ukimwagwa juu ya udongo mkavu, nikawaza kwamba hapa mvua ikinyesha patatitia, itabidi kuongeza.

Sasa nakuja kwenye kosa nililolifanya. Arobaini ilipokaribia, niliona watu watakuja wengi, nikataka uwanja uonekane safi. Nilichukua fyekeo nikakata nyasi zako zote mpaka udongoni. Siku nzima. Sikufikiria masharti yako hata moja. Nilikuwa nafurahia uchovu, kwa sababu uchovu nilikuwa nausikia. Jioni uwanja ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha askari. Watu wakaja na viti, turubai likafungwa, njia zikakatwa kila mahali. Walipoondoka mvua nazo zilikuwa zimeisha. Baada ya wiki tatu nyasi za juani zilirudi. Zile za kivulini zikawa njano, kisha kijivu, kisha zikaanza kutoka zenyewe ukizivuta. Kazi yako ya miaka yote hiyo niliimaliza kwa siku moja.

Nilitembea juu yake asubuhi nikayaona hayo, na sikujilaumu. Nilichukua ufagio wa mama. Nikaanza kufagia udongo.

Mwezi wa sita Mariamu alikuja kutoka Ilongero bila kupiga simu. Bodaboda ilimwacha barabarani. Alinikuta nafagia, akasimama na kikapu chake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu. Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeniambia nisije." Aliweka kikapu chini akatazama uwanja. Hakusema kitu juu ya nyasi. Alipita nyuma ya jiko moja kwa moja, nami nikamfuata. Alisimama mbele ya makaburi mawili, la kwako bado limevimba, la Elia limebaki mawe matano yanayoonekana nusu. Majani ya mgrivea yalikuwa yamejaa juu ya yote mawili. Aliinama akaanza kuyaondoa kwa mikono.

"Acha, nitaleta reki," nikasema.

"Dada alikuwa anatumia mikono." Aliendelea kidogo, kisha akasema, "Hapa ndipo alipokuwa anataka."

"Anataka nini?"

"Nyasi."

Nikamwambia kwamba alitaka nyasi uwanja mzima, kila mtu hapa kijijini anajua, hata mama yangu alimsema.

Mariamu akainuka. Alinitazama kwa namna ambayo ningependa kuisahau. "Shemeji, hukujua? Hakuwa na haja na uwanja. Alitaka hapa tu. Mtoto asilale kwenye vumbi. Ndicho alichosema tangu mwaka ule. Alianza kupanda hapa, zikafa. Akapanda tena, zikafa. Akasema basi nitapanda pembeni mpaka nijue zinataka nini, halafu nitarudi. Akawa anapanda pembeni, pembeni, mpaka akafika barabarani. Kila akinipigia simu ananihesabia. Mwaka huu nimejaribu hizi. Mwaka huu nimejaribu zile."

"Hakuniambia."

"Alikuomba utoe mti."

"Hakuniambia kwa nini."

"Nawe ulimwambia kwa nini hutaki?"

Alirudi kuinama.

Nimefikiri sana juu ya simu zile. Mlikuwa mkiongea Kinyaturu, wewe na Mariamu, nyuma ya jiko, saa nzima. Mimi Kinyaturu nakijua cha salamu tu, na wewe Kinyiramba chetu ulikijua cha sokoni, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili. Kiswahili chetu kilitosha ada za shule, mvua, chumvi imeisha, Yona ana homa. Nilikuwa nikipita na mbao begani nakusikia unaongea kwa lugha yenu na nasikia jina la Elia katikati, na nilidhani nimesikia vibaya. Kwa Kiswahili hukuwahi kulitaja jina hilo mbele yangu. Wala mimi. Kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake, au akijilinda. Siwezi kutofautisha.

Na ushahidi ulikuwepo. Mara ya kwanza kabisa kukuona umepiga magoti na vipando vya ukoka haikuwa mlangoni. Ilikuwa pale chini. Niliona kwa macho yangu, nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba, na nilipita.

Ungetegemea nikuambie kwamba nilianguka nikalia siku ile. Hapana. Nilimpikia Mariamu ugali, tukala na mlenda aliouleta, nikamwandalia chumba cha Neema. Alipoondoka kesho yake nilirudi karakana nikapiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba usiofaa kwa kitu.

Lakini mwezi wa kumi, kabla ya mvua, nilimwita Zakayo. Nikamwambia tuna kazi pale chini. Alileta kamba na msumeno wa mkono. Nilimwambia atakapopanda nitamwonyesha tawi moja moja, asikate ambalo sijamwonyesha.

"Mzee, tungeuangusha tu," alisema. "Huu una mbao nzuri. Ungepata kabati tatu."

"Hauangushwi. Toa haya ya chini, mpaka usawa wa paa la jiko. Halafu punguza yale ya mashariki."

Alipanda. Nilisimama chini nikionyesha kwa fimbo. Tawi la kwanza lilipoanguka nilishtuka, nikasubiri, nikaona nimesimama bado. Tukaendelea mpaka saa nane. Aliposhuka jua lilikuwa limepita upande wa pili wa jiko, na likafika kwenye udongo wa Elia. Si lote, vipande vipande. Zakayo alijifuta jasho akatazama, akasema, "Kumbe hapa kuna makaburi mawili." Miaka yote aliyokuwa mwanafunzi wangu alipita hapo kila siku kuchota maji ya gundi, hakujua. Nilimwambia, ndiyo, ni mtoto wetu wa kwanza. Alivua kofia.

Kisha nikafanya kama ulivyokuwa ukisema, kwa mpangilio. Niliondoa majani yote ya miaka yote, chini nikakuta yale ya zamani yameoza yamekuwa meusi na laini, nikayaacha hayo. Nilitifua udongo kwa uma mdogo katikati ya mizizi bila kuikata. Palipo na mzizi mkubwa juu ya ardhi nilipaacha kama palivyo, maana ulisema hapo hakuna vita ya kushinda. Nilitia samadi iliyokauka kiganja kwa kiganja. Nikahamisha kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu njia ya kwenda kwenye kamba ndiyo iliyokuwa ikikanyaga miguu ya Elia.

Mvua ya pili ya Desemba ilipolowesha ardhi nilikwenda kijitoni na beseni lako. Nilikuwa sijafika huko tangu nikiwa kijana. Nyasi zako zipo, chini ya vichaka, palepale. Niling'oa kidogo huku na kidogo kule nisiharibu. Nilirudi nimechafuka mpaka magotini, na mke wa jirani alinikuta njiani akanisalimia kwa adabu sana, kama anavyosalimiwa mtu ambaye hatujui anaendeleaje. Nilipanda kipando kimoja kila shubiri, juu ya Elia na juu yako. Nilipomaliza niliona nimepanda kwa mstari kama mbao za sakafu. Wewe ungepanda ovyo ovyo. Niliacha hivyo.

Neema alipiga simu Januari. Yeye na Yona walikuwa wamekubaliana kujengea kaburi lako. Sementi, marumaru nyeupe, na msalaba wenye picha yako.

"Tumeshaongea na fundi, baba. Tunataka mwaka ukitimia iwe tayari."

Nikamwambia msijenge.

"Baba, watu watasema mama yetu tumemtupa. Kila kaburi hapo kijijini sasa lina marumaru."

"Nimepanda nyasi."

Nilisikia anapumua. Nadhani alifikiri nimechanganyikiwa. Akasema kwa upole, "Nyasi, baba?"

"Njoo Pasaka uone. Usipopapenda mtajenga. Sitabisha."

Alikubali, na nilijua amekubali kwa kunionea huruma. Kuanzia hapo nilikuwa nakwenda kuziangalia kila asubuhi kabla ya chai. Theluthi ilikufa, nikapanda tena. Februari mvua ilikatika siku nyingi, nikamwagilia asubuhi mara mbili kwa wiki, nikajizuia zaidi ya hapo. Majani ya mgrivea niliyaondoa kwa mikono. Mwezi wa tatu, ulipotimia mwaka wako, vipando vilikuwa vimeanza kushikana. Mistari yangu ilikuwa haionekani tena. Nikikuambia nilifurahi nitakuwa naongeza. Niliona zimeshikana, nikarudi kunywa chai, na chai ilikuwa na ladha ya chai.

Neema alikuja Ijumaa Kuu, peke yake, watoto amewaacha na baba yao. Aliniamkia, akaweka mzigo, nikampeleka. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno, nimeyapanga, lakini tulipofika hakunipa nafasi. Alivua viatu. Hakuna mtu aliyemwambia avue. Alikaa pale pembeni, miguu yake karibu na mawe yale matano, akapitisha kiganja juu ya nyasi, huku na huku. Kulikuwa na baridi kidogo na jua lilikuwa linaingia kwa chini kutoka mashariki. Nami nikakaa. Magoti yananisumbua, kwa hiyo ilichukua muda.

Kisha akasema, "Baba, yeye alikuwaje?"

Nilidhani anauliza juu yako. Nikaanza kusema kwamba mama yako alikuwa mtu wa kazi.

"Hapana," akasema. "Huyu. Elia. Sijawahi kusikia habari yake hata moja. Nilikuwa nikipita hapa nikiwa mdogo najua kuna mtoto, najua siulizi. Alikuwaje?"

Nilifungua mdomo kumwambia sikumbuki. Ni miaka mingi, na mtoto wa miezi kumi na mmoja hana mengi. Badala yake nikasikia nasema kwamba alikuwa na meno mawili ya chini na alikuuma nayo mpaka ukapiga kelele kanisani. Nikasema alikuwa akiletwa karakana, anawekwa kwenye maranda, na kila nikisukuma randa anacheka, nikiacha anakasirika, kwa hiyo kuna ubao nilioupiga randa bila sababu kwa ajili yake. Nikasema kichwa chake kilikuwa kikubwa, wewe ukisema ni cha ukoo wetu, mama akisema ni cha kwenu. Nikasema alikuwa ameanza kusimama kwa kushika mguu wa meza ya kazi, na siku ya Jumanne, kabla ya ile Jumatano, aliachia mguu wa meza akasimama peke yake, labda kwa muda wa kuhesabu mpaka nne, na ni mimi tu niliyeona. Nilitaka kukuambia jioni. Ulirudi umechoka kutoka zamu, nikasema nitamwambia kesho.

Sikukuambia. Kesho yake homa ilikuwa imeanza, na baadaye sikuona namna ya kulisema. Kwa hiyo Neema amelijua kabla yako. Ndiyo sababu hasa ya barua hii. Alisimama, Mama Neema. Mwanao alisimama peke yake.

Neema alilia. Alilia kwa sauti, kichwa kwenye magoti, nami nilimshika mgongo. Mimi halikunitoka chozi, lakini mkono ule niliomwekea mgongoni ulikuwa unausikia mgongo wake, joto lake na kutikisika kwake, mpaka kwenye kiwiko. Nilikaa nikiusikiliza.

Habari ya marumaru haikutajwa tena. Jumatatu alipanda basi. Jana Yona alipiga simu kutoka Mwanza, na wewe unamjua Yona, hapigi simu bila tatizo. Nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu, baba. Neema amenisimulia habari za kaka," akasema. "Ila amesema iko nyingine ya kanisani, kwamba alimuuma mama, na yeye hajui kuisimulia vizuri. Anasema nikuulize wewe."

Nikavuta kiti, nikakaa, nikamsimulia tangu mwanzo.

Naishia hapa, daftari limebaki kurasa chache na jua limefika kwenye macho. Hospitali sikukuaga, kwa sababu nilidhani ukinisikia naaga utajua. Basi pokea sasa. Pumzika, na umwambie mtoto baba yake anamkumbuka.

Mimi mumeo,
Baba wa Elia, Neema na Yona.